Walimu wapya wa ushairi mlioshuka Mokowe, msiulize ujumbe kwanza

Muhula huu nimeketi tena nyuma ya darasa, daftari mapajani, nikiwatazama walimu wa mazoezi wakifundisha lile shairi la mistari miwili la Ezra Pound, mshairi wa Kimarekani, la kituo cha treni cha Paris. Mwandiko wa ubaoni mzuri. Andalio la somo limepigwa chapa, lina malengo, lina nyenzo, lina mpaka safu ya maoni. Na kabla kidato cha tatu hakijamaliza kulinakili shairi, swali limeshatoka: "Haya, ujumbe wa mshairi ni nini?"

Mkono ukainuka papo hapo. Watoto wa hapa si wajinga, wanajua mwalimu anataka nini. "Mshairi anatuonya tusikimbilie mjini, mwalimu." Mpigieni makofi.

Wanangu, onyo liko wapi? Shairi lile halina hata kitenzi, seuze onyo.

Nawapenda, na najua mmetoka mbali, mmepanda basi kutwa hadi jeti ya Mokowe na boti juu yake mpaka huku Lamu, na chumba mlichopangiwa hakina maji. Lakini makosa haya nimeyaona yakifanywa na walimu waliokuja kabla yenu, na waliokuja kabla yao, na mimi mwenyewe nimo. Basi nayaandika niwe nimeyasema.

Shairi mnalijua, ila niliweke mbele yetu tusije tukabishania hewa. Anwani yatuambia tuko katika kituo cha Metro. Mstari wa kwanza una nyuso zinazozuka ndani ya umati. Mstari wa pili una petali kwenye tawi jeusi lililolowa. Basi, limekwisha. Kwa Kiingereza chake ni maneno 14 ukiitoa anwani. Lilitoka Aprili 1913 katika jarida la Poetry la Chicago, mwezi mmoja baada ya jarida hilo hilo kuchapisha masharti ya kundi la washairi wa taswira: kishughulikie kitu chenyewe moja kwa moja, usiweke neno lisilo na kazi, na mapigo yafuate muziki wa maneno badala ya kuhesabiwa kwa mashine. Masharti hayo mmeyaweka kwenye noti zenu, nimeyaona. Mnayafundisha vizuri kisha mnayavunja palepale.

1. Someni anwani kwa sauti, mara mbili. Ifuteni ubaoni muwaulize watoto kilichobaki ni nini. Watawaambia ni shairi la bustani. Jiji lote la shairi hili, treni, umeme, watu wasiojuana, limo ndani ya anwani tu. Mistari yenyewe haitaji hata kimoja.

2. Paris ipeni dakika tano. Nasema tano kwa sababu nilimwona kijana mmoja, Mungu amweke, akimaliza kipindi kizima akichora treni. Alichora mabehewa, akachora ngazi za kushukia chini ya ardhi, akapaka handaki rangi kwa ubavu wa chaki, na darasa likawa na furaha kweli kweli. Mtoto mmoja akauliza maji ya bahari hayaingii humo? Swali zuri, likachukua dakika nyingine. Kengele ilipolia shairi lilikuwa limesomwa mara moja, tena kwa haraka. Mnachohitaji ni hiki: Metro ya Paris ilifunguliwa Julai 1900, treni za umeme, sehemu kubwa zinapita chini ya ardhi, kwa hiyo mtu anatoka kwenye giza la handaki anakuta mwanga wa taa na nyuso nyingi kwa mpigo mmoja. Watoto hawajaiona, na nyinyi wengi hamjaiona, na mimi sijaiona. Haidhuru. Treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi wanaijua walau kwa picha, na umati wanaujua vizuri kuliko mnavyodhani. Msiwahurumie eti wamekulia mji usio na magari. Siku ya Maulidi mpitisheni mtu mmoja Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kutoka mtaa wa Langoni hadi Mkomani, halafu mumuulize kama anajua kubanwa na watu asiowafahamu.

3. Msiwape watoto maana iliyokwisha kupikwa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa mgeni kazini, katika shule moja ya huku visiwani, nilikuja na noti zangu za chuo. Zilisema nyuso ni mizuka, mizuka ni wafu, tawi jeusi ni treni, kwa hiyo jiji la kisasa humuua mtu angali hai. Nikazigeuza jedwali. Safu ya kushoto picha, safu ya kulia maana. Lilipendeza jedwali lile, mistari yake nimeipiga kwa rula ya mbao, na mkuu wa idara alilisifu mbele ya wenzangu. Wanafunzi wakalinakili kama lilivyo.

Ukaja mtihani wa mwigo. Shairi nililoliweka ni lile lile, kwa sababu nilitaka tupate wastani mzuri (nyote mnajua habari ya wastani, tusidanganyane). Swali: eleza uhusiano wa nyuso na petali, alama nne. Mwongozo wa kusahihisha niliuandika kwa mkono wangu: upweke, alama mbili, kifo, alama mbili. Karatasi zikaja, na darasa likanijibu kwa sauti yangu mwenyewe. Kulikuwa na neno nililolikosea tahajia ubaoni. Lilirudi vilevile, limekosewa kwa uaminifu, karatasi baada ya karatasi. Na mimi nikafurahi. Nilidhani nimefundisha.

Karatasi moja haikufanana na nyingine. Ilikuwa ya binti wa safu ya nyuma, mtu wa kimya, ambaye darasani sauti yake tuliisikia akiomba ruhusa tu. Aliandika kwamba petali hizi hazimo tena kwenye ua lake. Zimeshabanduka, mvua imezigandisha kwenye tawi, na tawi likikauka zitaanguka. Kwa hiyo wale watu wa kituoni, akasema, wameshikana mahali pamoja kwa sababu ndogo na kwa muda mdogo, na treni ikija kila mmoja ataondoka na njia yake. Chini yake akaongeza kwamba ameziona asumini uani kwa nyanya yake zikifanya hivyo baada ya mvua ya mwezi wa tano.

Nikampa sufuri. Upweke haukutajwa, kifo hakikutajwa. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: Soma noti.

Hakuja kulalamika. Alikunja karatasi akaitia kwenye kitabu. Na shairi lililofuata, lilikuwa la mtu mwingine kabisa, aliandika noti zangu neno kwa neno, na nikampa alama zote. Wapo walimu wanaokumbuka siku mwanafunzi alipowatukana. Mimi nakumbuka zile alama zote nilizompa.

Miaka ikapita kabla sijasoma maelezo ya Pound mwenyewe, aliyoyachapisha mwaka 1914. Anasema alishuka treni kituo cha La Concorde akaona uso mzuri, kisha mwingine, kisha uso mzuri wa mtoto, kisha wa mwanamke mwingine. Siku ile alihangaika kutafuta maneno ya kueleza alichokiona, asiyapate. Jioni yalimjia mabaka ya rangi, maneno bado. Akaandika shairi la mistari 30 akalitupa. Baada ya miezi sita akaandika la nusu yake. Baada ya mwaka ndipo ikatoka ile sentensi moja mnayoijua.

Hakuna maiti humo. Hakuna jiji linaloua. Jedwali langu likaporomoka, na sura ya yule binti ikanijia nikiwa peke yangu maktabani, nikatamani kujificha.

Mngedhani nilijifunza. La! Nilifanya kosa la pili, na hili ndilo naliona kwenu nyinyi mliosoma zaidi, mnaokuja na kurasa za intaneti. Niliingia darasani nimejaa elimu mpya nikatangaza: "Jibu sahihi ni uzuri. Mshairi alifurahi, amesema mwenyewe." Nikachora jedwali jipya. Ndiyo, kwa rula ile ile.

Aliyenitoa humo ni William Carlos Williams, daktari wa New Jersey aliyekuwa rafiki wa Pound tangu chuoni. Ana shairi fupi la mwaka 1921 lenye nambari 5 ya rangi ya dhahabu juu ya gari jekundu la zimamoto, linapita na king'ora katika jiji lenye giza, katikati ya mvua na taa. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1951, anasimulia lilivyozaliwa: siku ya joto ya Julai, amechoka, anakwenda studio ya rafiki yake mchoraji huko New York, akasikia kengele, akageuka kwa wakati tu kuiona ile 5 ikipita mwisho wa mtaa. Akatoa karatasi mfukoni akaandika. Hebu sasa mwalimu wa jedwali aniambie aandike nini safu ya kulia: joto la Julai au mvua? Mvua imo shairini. Joto limo kumbukumbuni. Aliyeandika yote mawili ni mtu mmoja.

Kwa hiyo habari za mshairi waelezeni watoto, wanazipenda, hasa ile ya kutupa mistari 30. Lakini waelezeni mwishoni, baada ya wao kusema walichokiona, na msizitumie kumfunga mtu mdomo. Yule binti hakuhitaji ruhusa ya Pound. Wala anayesikia kifo mle ndani simnyimi alama, maana nyuso zile kweli zinazuka kama vitu visivyo na miili. Anionyeshe tu ni neno lipi lililomfikisha huko. Siku hizi mwongozo wangu una alama mbili za kuonyesha neno na mbili za kusema neno hilo linafanya nini. Wastani ulishuka muhula wa kwanza, tukaitwa ofisini. Jiandaeni kwa hilo pia.

4. Hakuna neno la kulinganisha kati ya mstari wa kwanza na wa pili, kwa hiyo atakayeandika tashbihi amekosa. Mwambieni ni istiari na muendelee na safari.

5. Alama za uakifishaji nazo ni shairi. Lilipochapishwa mara ya kwanza, mstari wa kwanza uliishia kwa nukta pacha, na maneno yaliachiwa nafasi pana katikati, makundi makundi, kama anayeyaona kwa awamu. Baadaye nukta pacha ikawa nukta mkato. Yaandikeni yote mawili ubaoni na mwanya wa nafasi ile, muwaache watoto wabishane. Nukta pacha inasema tazama, hiki ndicho. Nukta mkato inaweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, bila kusema. Mabishano yale ni matamu na hayahitaji mwalimu.

6. Kuhusu vina na mizani. Mtapata watoto watakaohesabu mizani kwa vidole na kuwaambia shairi hili lina kasoro. Msiwacheke. Wamelelewa na utendi, wameusikia ukisomwa kabla hawajaenda chekechea, na sikio lao ni zima kuliko letu. Shairi huru kwao ni mtu aliyetoka nje hajavaa kofia.

Mjomba wangu, mtu wa baraza huko Mkomani, utendi wa Mwana Kupona anao kifuani. Nilimsomea ile mistari miwili kwa Kiswahili, baada ya magharibi, kahawa iko mkononi.

"Naam," akasema. "Yaliyosalia yako wapi?"

"Yamekwisha, mjomba."

Akanitazama kama niliyemnyima haki yake. Akanywa kahawa. Halafu akauliza: "Hilo tawi limelowa kwa mvua au kwa umande?"

"Hakusema."

"Na hizo petali zingali mtini au zishapomoka zikanata?"

"Hakusema, mjomba."

"Bwana huyu mchoyo," akasema, na wenzake wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Lakini hayo maswali mawili ya mjomba, ya mtu asiyewahi kufanya mtihani wa fasihi, yamenifundishia darasa kuliko noti zote nilizowahi kunakili. Kama petali zingali mtini, kuna uhai na majira mazuri. Kama zimenata baada ya kuanguka, kuna jambo linalokaribia kwisha. Shairi limekataa kuchagua, na hali nzima ya shairi inategemea hapo. Waulizeni watoto maswali ya mjomba. Ujumbe utawafuata wenyewe, msiuite.

7. Msije mkawaambia watoto wa Lamu kwamba taswira ya jiji ni uvumbuzi wa Wazungu wa 1913. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni shairi la mji, mji wa Pate, hapo jirani, na madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani za kauri ambamo sasa ndege wamelala. Watoto wanayajua madaka, wengine wanayo nyumbani na wameweka chaja za simu. Mwambie mtoto afikirie ndege katika daka lile na hapo hapo amekwisha kuelewa picha mbili kukaa mahali pamoja. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdalla anaendelea kuusema moyo wake, anauonya, anauliza na kujibu. Ana waadhi, yaani mawaidha, na waadhi wake ni mzito. Pound anakuonyesha kisha anakaa kimya. Mtoto aliyezoea waadhi ataungoja, na asipouona atautunga. Ndiyo yale ya tusikimbilie mjini. Mkilijua hili hamtawakasirikia. Wanafanya walichofundishwa na shairi kubwa zaidi.

8. Mkiwa na nafasi ya kuongeza shairi moja, chukueni lile la ukungu la Carl Sandburg la mwaka 1916: ukungu unakuja kwa miguu ya paka mdogo, unakaa ukitazama bandari na jiji, kisha unaondoka. Ukungu hawaujui, paka wanawajua mpaka kwa koo zao. Msichana mmoja aliniuliza, "Mbona paka hafanyi kitu?" Nikamwambia aandike swali hilo hilo kama jibu.

9. Waandikieni kazi ya kwao. Ninachowapa ni hiki: anwani iwe mahali, mstari mmoja uwe watu, mstari mmoja uwe kitu, na pasiwe na kitenzi. Wanalia kweli kwa sababu ya kitenzi. Mvulana mmoja aliniletea hii, na sijapata kuona nzuri kuliko hiyo:

Jeti ya Mokowe
Nyuso za abiria wa basi la Mombasa;
dagaa juu ya jamvi, jua la saa sita.

Nyinyi mlioteremka kwenye basi lile mnajua kwamba hajakosea hata kidogo. Vumbi, macho yamekodoka, mmepangana mkingoja boti. Lakini aliponiletea kulikuwa na mstari wa tatu chini yake: "Ewe kijana, safari ni maisha." Nikamuuliza mstari huo unatuonyesha nini. Akafikiri. Akasema, "Hauonyeshi, mwalimu, unamalizia." Nikampa kifutio. Alisita sana, akafuta nusu, akaacha "Ewe kijana" peke yake kwa muda, kwa huruma ya kuiona kazi yake ikipungua, mwisho akafuta yote. Kisha akaniuliza kama alama za mstari uliofutwa zinahesabiwa.

10. Hii ni ya nyinyi wa mazoezi peke yenu. Baada ya kulisoma shairi mara mbili, nyamazeni. Dakika tatu nne, kila mtu alitazame ubaoni, asiandike, asiulize. Itawawasha, mtataka kusema neno, na watoto wa mbele watawatazama kama mmesahau somo. Kaeni. Ila liandikeni kwenye andalio, kwa kalamu inayoonekana, pale penye shughuli za mwanafunzi: "Wanafunzi wanatazama." Mwenzenu mmoja hakuandika. Msimamizi kutoka chuo kikuu akaingia wakati huo huo, amelowa mawimbi ya boti, akakuta darasa zima kimya na mwalimu amesimama dirishani, akaandika kwamba mwalimu hakuwa na la kufundisha. Ilibidi twende wawili ofisini kumweleza, na hata sasa sina hakika kama alitusadiki. Alichotaka kujua zaidi ni boti ya mwisho ya kurudi Mokowe inaondoka saa ngapi.